Namna ya Kuandika Tamthilia ya Kimajaribio Kuhusu Nafsi, Mapenzi na Mauti: Mwongozo Kamili

Tamthilia yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na waigizaji wanne waliovaa mavazi meupe, wakizungumza kwa mafumbo karibu saa nzima katika mwanga hafifu. Niliamini nimeandika juu ya kifo. Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani alikuwa amekufa?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye mswada nikautafuta usiku kucha, na kweli, hakukuwa na mtu aliyekufa mle. Kulikuwa na neno "kifo" tu, limetajwa mara nyingi.

Tangu siku ile nimeshikilia jambo moja ninapoandika na ninapowasaidia wengine: ugeni wa sura hautoshi kuifanya tamthilia kuwa ya kimajaribio. Majaribio ni kutafuta umbo ambalo, ukiliondoa, jambo lako haliwezi tena kusemwa. Kama hadithi yako ingesimama vizuri sebuleni, kwa watu wawili waliokaa kwenye makochi wakiongea kawaida, basi iandike hivyo. Ni kazi ya heshima. Umbo geni litafutwe pale tu ambapo umbo la kawaida limeshindwa kubeba.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika tamthilia yake mwenyewe ya dakika 30 hadi 60, kwa waigizaji wachache. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili uone wazo linavyokua kutoka daftarini hadi jukwaani.

Hatua ya kwanza: tafuta swali, acha mada

"Mapenzi" hayawezi kuwa mwanzo wa tamthilia, wala "mauti", wala "kujitambua". Haya ni majina ya bahari nzima. Ukianzia hapo utaandika yale ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia, kwa sababu kila mtu anayo picha yake tayari kichwani.

Tenga dakika 20 kila siku kwa siku 7, daftari na kalamu, simu iwe mbali. Siku 3 za kwanza andika kuhusu mikono tu: mikono ya watu uliowapenda, na ilikuwa ikifanya nini mara ya mwisho ulipoiona. Usieleze hisia. Andika kwamba alikuwa akikunja shuka, kwamba kidole gumba kilikuwa na kovu, kwamba alishindwa kufunga kifungo. Siku 2 zinazofuata andika maneno uliyotaka kuyasema ukayameza. Siku 2 za mwisho, geuza yote hayo yawe maswali. Maswali matupu, bila jibu hata moja.

Ukimaliza utakuwa na maswali mengi. Chagua lile ambalo ungeona haya kumuuliza mtu uso kwa uso. Ndilo lenye damu. Maswali ya fahari, kama lile la maana ya maisha, yaache. Hayamgharimu mtu chochote anapoyauliza.

Swali lililonibaki mimi lilikuwa hili: nilipomwambia mgonjwa wangu kwamba ningekubali kufa badala yake, nilikuwa nasema kweli, au nilisema tu? Litazame vizuri. "Badala yake" ni mapenzi. "Kufa" ni mauti. "Nilikuwa nasema kweli?" ni mtu anayejitafuta. Sikuyapanga mambo matatu yakae pamoja. Swali la kweli liliyakuta yamekwisha kukaa pamoja, kwa sababu katika maisha hayatengani. Kama swali lako lina mawili tu, endelea nalo. La tatu litakuja lenyewe wakati wa kuandika.

Hatua ya pili: weka sheria moja ya jukwaa

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na hapa ndipo nitakaa muda mrefu zaidi.

Sheria ya jukwaa ni jambo moja ambalo ni kweli ndani ya tamthilia yako ingawa si kweli nje yake. Moja tu. Waandishi wengi wanaoanza huvunja kila kitu kwa pamoja: wakati unarudi nyuma, wahusika hawana majina, mwigizaji anazungumza na hadhira, taa zinawaka na kuzimika, mtu mmoja anaigizwa na watatu. Hadhira haioni uasi hapo. Inaona vurugu, na mtu aliyechanganyikiwa huacha kuhisi, kwa sababu akili yake yote imeshughulika kutafuta njia. Vunja kitu kimoja, kingine chote kiache kama kilivyo, na hicho kimoja kitang'aa.

Tazama mabingwa walivyofanya. Katika Our Town ya Thornton Wilder, iliyoonyeshwa 1938, waliokufa wanakaa kwenye viti wakizungumza kwa utulivu, na binti aliyefariki anaruhusiwa kurudi kuishi siku moja ya maisha yake. Anachagua siku aliyotimiza miaka 12. Anamkuta mama yake akihangaika jikoni asubuhi ya kawaida kabisa, na hawezi kuistahimili, kwa kuwa yeye anajua na wale wengine hawajui. Sheria ni moja: marehemu anaweza kurudi, lakini anarudi na ujuzi wake. Jukwaa lenyewe halina mapambo, karibu ni viti na meza tu.

Katika Krapp's Last Tape ya Samuel Beckett, ya 1958, mzee wa miaka 69 anasikiliza ukanda aliojirekodi akiwa na miaka 39. Mtu mmoja, sauti mbili, miaka 30 katikati. Huhitaji kuelezwa kwamba alipoteza mapenzi. Unasikia sauti ya kijana ikijivuna, unaona uso wa mzee.

Na katika Kiswahili tunayo Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1971. Vijana wawili marafiki wanaigiza mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo ule haukomi wanapoacha kuuigiza. Unamwandama mmoja wao, Kitaru, hadi anaugua. Huko ni kujitambua kupitia kuigiza, na hakungeweza kutokea kwa njia nyingine, kwa sababu maradhi yake yalianzia ndani ya mchezo.

Sasa swali langu. Nilijaribu sheria kadhaa nikazitupa. Nilijaribu mzimu unaozungumza; ukawa na hekima mno. Nilijaribu mgonjwa kitandani. Macho yote yakaenda kwenye kitanda, na swali langu halikuwa la mgonjwa, lilikuwa la yule aliyesimama kando. Nikarudi kwenye maneno "badala yake". Badala ni nafasi. Nafasi jukwaani ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Ndipo sheria ikaja: kuna kiti kimoja, na anayekaa kwenye kiti ndiye anayekufa. Akisimama, anapona. Mwingine akikaa, yeye ndiye mgonjwa.

Mume na mke, kiti kimoja. Basi. Kila mara mmoja akimwondoa mwenzake kitini, amefanya tendo la mapenzi ambalo hadhira inaliona kwa macho. Na kila mara mmoja akichelewa kuondoka alipo ili aende kukaa, amejijua.

Ukipata sheria yako, ipime kwa maswali matatu. Je, hadhira itaielewa ndani ya dakika 5 bila mtu kuitangaza? Kama inahitaji msimulizi wa kuieleza, bado haijaiva. Je, kuna mtu inamgharimu? Sheria isiyomuumiza mhusika yeyote ni pambo. Na je, inaweza kuvunjwa mara moja, mahali pamoja, na kuvunjwa huko kukawa na maana? Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana kilele cha tamthilia ya kimajaribio mara nyingi kiko pale pale inapovunjwa sheria yake yenyewe.

Hatua ya tatu: weka saa inayoonekana

Sanaa ya jukwaa ina undugu wa karibu na kifo kwa sababu moja: inakwisha mbele yako. Mwigizaji anazeeka dakika 40 katika dakika 40. Kitabu unaweza kukifunga ukarudi kesho. Onyesho la leo halirudi. Unapoandika juu ya mauti, tumia jambo hili. Weka jukwaani kitu kinachopungua kwa kweli, si kwa kuigiza: mshumaa unaoteketea, barafu inayoyeyuka, mchanga unaomwagika, uzi unaofumuliwa.

Mimi nilichagua maji yanayodondoka kwenye beseni la bati. Nitaeleza kwa kina kidogo, kwa sababu watu hudharau upande huu wa kazi kisha onyesho likaharibika.

Tone moja la maji ni takriban sehemu ya 20 ya mililita. Ukitaka wastani wa tone moja kwa sekunde kwa dakika 40, unahitaji matone 2,400, yaani mililita 120 tu, chini ya glasi moja. Kata kitako cha chupa ya plastiki, igeuze mdomo uelekee chini, toboa kifuniko kwa sindano nyembamba, kisha ining'inize juu ya beseni. Usiache chupa imezibwa juu. Hewa isipoingia, maji yatagoma kutoka. Tumia maji safi yaliyochujwa, kwani chembe moja ya vumbi inatosha kuziba tundu. Na ujue jambo hili zuri: kadiri maji yanavyopungua chupani ndivyo msukumo wake unavyopungua, kwa hiyo matone yataanza kwa kasi na kupoa kadiri mwisho unavyokaribia. Huhitaji kuligharimia. Maumbile yanakuandikia mwendo wa tamthilia bure. Maji ya mwisho kabisa yanaweza kubaki yamening'inia bila kudondoka, kwa hiyo pima mara nyingi kabla ya onyesho, na saa mkononi, ujue kimya kitaingia dakika ya ngapi.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tutumie dripu ya hospitali, yenye kidhibiti chake tayari. Nilikataa. Dripu inamwambia mtazamaji "hapa ni wodini", na akishaambiwa mahali, anaacha kutafuta. Beseni la bati linaweza kuwa paa linalovuja, bafu, saa, moyo. Chagua kifaa ambacho hakijamaliza kujieleza.

Hatua ya nne: chora mwendo kabla ya maneno

Usianze na majibizano. Chukua karatasi moja uandike matendo tu, bila neno hata moja linalosemwa. Kwangu swali lilikuwa: wanabadilishana kiti mara ngapi, na kila mara kwa sababu gani? Sababu zikifanana, tamthilia imekufa kabla ya wahusika.

Mabadilishano yangu, nikihesabu yale ya mke kumpokea mume, yalikuwa hivi. Mara ya kwanza ni kwa wepesi, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Mara ya pili yanakuwa mashindano, wanachekeana, kila mmoja anataka kuwahi. Mara ya tatu mke anakaa kwa hasira, ili amwadhibu mume kwa kosa la zamani: amefanya kifo chake kuwa fimbo. (Hapa nilishtuka mwenyewe nilipoandika, sikujua kwamba mapenzi yanaweza kufanya hivyo, kisha nikakumbuka watu ninaowajua.) Mara ya nne mume amepitiwa na usingizi kitini, mke anamnyanyua taratibu na kukaa yeye. Mara ya tano mume anaomba apokewe. Ndiyo mara ya kwanza mtu ameomba. Na mke anachelewa.

Kuchelewa huko ndiko kitovu cha kila kitu. Kila kilichotangulia kipo ili kituandae kukiona.

Kisha sheria inavunjwa: wote wawili wamesimama. Kiti kitupu. Matone yanaendelea. Kwa dakika 3 hivi hakuna anayekufa, na wanapata furaha ambayo hawakuwahi kuipata, wanazungumza upuuzi, wanapanga safari. Halafu mmoja anakitazama kiti.

Hatua ya tano: andika mapenzi bila kuyataja

Sasa maneno. Rasimu yangu ya kwanza ya onyesho la kubadilishana ilisema hivi:

MKE: Nakupenda kuliko uhai wangu. Niache nife mimi badala yako.
MUME: Hapana mpenzi, mapenzi yangu kwako hayaniruhusu.

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna uhai. Wahusika wanajua wanachohisi, wanajua jina lake, na wanaliambia jina lile hadhira. Mtazamaji hana kazi iliyobaki. Watu waliokaa pamoja miaka mingi hawazungumzi hivi kando ya kifo. Wanazungumza kuhusu madirisha. Niliandika upya:

(Tone. Tone. MUME amekaa. MKE amesimama nyuma yake.)

MKE: Ondoka.
MUME: Sijachoka.
MKE: Sikukuuliza kama umechoka.
(Kimya.)
MUME: Dirisha la nyuma umelifunga?
MKE: Nimelifunga.
MUME: Ulisukuma mpaka likalia?
MKE: Likalia.
(Kimya.)
MUME: Basi nikae kidogo tu.
MKE: Ondoka, nimesema.
(MUME anaondoka. MKE anakaa. MUME anakwenda kulikagua dirisha.)

Dirisha linafanya kazi ambayo "nakupenda" lilishindwa kuifanya. Anauliza kuhusu dirisha kwa sababu yeye hatakuwepo kulifunga. Na anapokwenda kulikagua baada ya kuondolewa kitini, tunaona mtu aliyepewa uhai akaanza kuutumia papo hapo, kwa jambo dogo, kama sisi sote.

Kanuni ya kufanyia mazoezi: andika onyesho zima huku ukijikataza maneno 5. Kwangu ni upendo, kifo, moyo, milele na pole. Yatafutie kitu cha kushikika badala yake. Ukimaliza rasimu, unaweza kurudisha neno moja, mahali pamoja, na utaona lina uzito wa jiwe. Mimi nilirudisha "pole". Mke analisema mara moja tu, baada ya kuchelewa.

Soma kila mstari kwa sauti. Kiswahili kina mwendo wake wa kupumua, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho huipa sentensi mguu wa kusimamia. Sentensi ndefu yenye vishazi vingi vya "amba-" humkata mwigizaji pumzi. Igawe. Na usiogope marudio, mradi kila linaporudi neno liwe limebadilika: "ondoka" ya mara ya kwanza ni huruma, ya pili ni utani, ya tatu ni matusi, na ya tano haisemwi kabisa, na kutosemwa kwake kunasikika ukumbi mzima.

Hatua ya sita: acha mhusika ajijue kwa tendo

Kosa linalonihuzunisha zaidi katika miswada ninayosomewa ni mhusika kusimama mbele, kutazama mbali na kusema, "Sasa nimejijua mimi ni nani." Mtu hajijui hivyo. Mtu hujiona anafanya jambo ambalo hakudhani angelifanya, au anashindwa kufanya jambo ambalo aliapa angelifanya, kisha anabaki na tendo lile mkononi asijue aliweke wapi.

Kwa hiyo tafuta sekunde ambayo mwili wa mhusika unamsaliti. Katika mfano wetu ni miguu ya mke. Mume ameomba, mke amekubali kwa kichwa, miguu haiendi. Usimpe maneno. Mpe maelekezo ya jukwaani yaliyo wazi: "MKE anahesabu matone. Anafika kumi na moja. Hajasogea." Mwigizaji mzuri anajua la kufanya na hapo, na mtazamaji ataanza kuhesabu naye.

Wengine hupenda kumgawa mhusika mmoja kwa waigizaji wawili, nafsi ya nje na nafsi ya ndani. Inawezekana, na wakati mwingine inagusa sana, lakini ina mtego: nafsi ya ndani huwa msema kweli daima, na ukweli uliopewa mdomo wake mwenyewe huondoa fumbo. Ukiitumia njia hii, mruhusu yule wa ndani naye aseme uongo.

Jambo jingine: usimhukumu. Nilipoandika rasimu ya pili nilimfanya mke awe mwoga, na tamthilia ikawa ndogo. Baadaye nikaelewa kwamba kutotaka kufa hakumaanishi kutopenda. Mambo yote mawili yanakaa katika kifua kimoja, na hadhira ilikuja kuona hilo.

Hatua ya saba: namna ya kufa jukwaani

Mwigizaji aliyelala chini "amekufa" anapumua, na kila jicho ukumbini linatazama kifua chake. Hilo halikwepeki. Kwa hiyo katika tamthilia ya namna hii, mwili usipewe kazi ya kuthibitisha kifo. Kipe kazi hiyo kitu kingine: kiti kilichobaki wazi, kiatu kimoja, jina linaloitwa na hakuna anayeitika, sauti iliyozoeleka ikakatika. Kwetu ni tone. Hadhira imelisikia kwa dakika 40 hadi imesahau kwamba inalisikia, na siku linapokoma wote wanaligundua kwa mara moja.

Nani anakuwa kitini wakati maji yanakoma? Nilijaribu mume, nilijaribu mke. Mwisho niliouchagua ni huu: mume amekaa, mke amesimama mbele yake amemshika mikono yote miwili, ama anamvuta asimame, ama anajisukuma kumwelekea ili akae. Haionekani ni lipi. Tone linakoma katikati ya tendo. Tafuta wa kwako, lakini usichague mwisho unaokufanya wewe mwandishi uonekane na busara.

Na tahadhari moja ya dhati. Ukumbini daima kuna mtu aliyezika juzi. Miongoni mwa waigizaji pia. Ongea nao kabla ya mazoezi kuanza, wajue tamthilia inakwenda wapi, na mtu akisema leo siwezi, aheshimiwe bila maelezo. Kama tamthilia yako inagusa mtu kujiua, usionyeshe namna alivyofanya, wala usikifanye kifo hicho kionekane suluhisho, na waambie watazamaji mlangoni kabla hawajaingia.

Hatua ya nane: panga mswada usomeke

Ukurasa wa kwanza uwe na orodha ya wahusika, vifaa vyote, na maelezo ya sheria kwa sentensi moja. Mwongozaji hapaswi kuikisia. Eleza pia vipimo vya ukimya wako. Mimi hutumia vitatu: "Kimya" ni pumzi moja, "Kimya kirefu" ni pumzi tatu, na "Tone" ni kusubiri hadi tone linalofuata lisikike. Majina ya wahusika yawe kwa herufi kubwa, maelekezo ndani ya mabano. Andika kinachoonekana na kinachosikika pekee. "Anakumbuka utoto wake" si maelekezo, kwa sababu hakuna mtazamaji anayeweza kuliona hilo. "Anakunja ukingo wa gauni, anaukunjua" ni maelekezo.

Wengi hukadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja. Kwa tamthilia yenye ukimya mwingi kadirio hilo linadanganya. Ipime kwa kuisoma na saa.

Hatua ya tisa: isikie, kisha ikate

Waite watu 2 wasome kwa sauti mezani, nawe ukae mbali ukitazama nyuso, mswada ukiwa umefungwa. Weka alama tu pale unapohisi aibu. Aibu ya mwandishi ni kipimo kizuri; mara nyingi inaonyesha mahali ulipopamba.

Baada ya hapo usiwaulize kama wameipenda. Watasema ndiyo, kwa adabu. Waulize: uliona nini? Sheria uliitambua wakati gani? Wapi ulitaka mtu asimame? Kama hakuna aliyetaka mtu asimame, hatari haijafika kwao, na tatizo liko katika hatua ya pili. Rudi huko, usijaribu kulitibu kwa maneno mazuri.

Kisha kata. Toa kila mstari unaoeleza kile ambacho kiti kimekwisha kukieleza. Rasimu yangu ilikuwa na kurasa 52. Iliyopanda jukwaani ilikuwa na 23, na hakuna aliyeuliza zilizopungua.

Mazoezi yaanze na vifaa vyenyewe tangu siku ya kwanza. Tone la kweli litawafundisha waigizaji kusubiri, jambo ambalo mwongozaji hawezi kuwafundisha kwa kuhesabu vidole. Siku nzima ya mazoezi itumike kwa kukaa na kusimama tu, bila maneno. Mwili ukishajua uzito wa kiti, maneno yatapata mahali pa kutua.

Hatua ya kumi: usiku wa onyesho

Chumba kidogo kinatosha. Watazamaji 30 au 40, waketi pande tatu, karibu kiasi cha kusikia tone bila kipaza sauti. Ukikiweka kipaza sauti, tone litakuwa athari ya sauti. Kisipowekwa, ni maji. Zima kila kinachovuma, feni na friji, dakika 10 kabla. Taa iwe moja, isiyobadilika, nyeupe ya kawaida. Shawishi la kufifisha taa mwishoni ni kubwa, lishinde. Giza litawaambia watu kwamba imekwisha, na wewe unataka wagundue wenyewe.

Tone likikoma, waigizaji wabaki walivyo. Wape hadhira pumzi kumi. Kuna usiku mtu atakohoa, kuna usiku mtu atalia, kuna usiku hakutakuwa na chochote. Wasisogee hadi pumzi ya kumi. Kisha mikono iachane, waje mbele wote wawili kuwashukuru watazamaji, na kiti kiachwe pale pale kilipo, kitupu, hadi mtu wa mwisho atakapotoka ukumbini.